Usilifunge Sanduku la Jumatano

Lagrange Street,
Toledo, Ohio.
20 Novemba 2019

Mpendwa Mjomba Kaz,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Na joto la Arizona, bado linayafaa magoti yako? Sisi huku tu wazima, ila theluji imewahi mwaka huu, na mume wangu Ray ana mafua yanayomfanya adeke kama mtoto. Najua Mkazamjomba Bernice ndiye anayekusomea barua hii. Shikamoo na wewe, Mkazamjomba, na tafadhali usiruke mistari.

Ujumbe wako niliupata. Unasema jicho la kulia daktari amelikatia tamaa, la kushoto linaona ukungu tu, basi nikalifunge sanduku lako kwenye duka la katuni la Delbert. Nililia, Mjomba. Tangu mhamie huko, kila Jumatano matoleo mapya yanapoingia, mimi huchukua uliyowekewa kwenye sanduku lenye jina lako, nikayasoma kwanza, kisha nikakutumia. Hiyo ndiyo Jumatano yangu.

Leo nilikwenda kulifunga. Delbert akanitazama juu ya miwani. "Wee Lorna, Kaz akijitoa mimi nitagombana na nani? Hata akiwa Arizona ananipigia simu kunitukana!"

Ukweli ni kwamba nusu ya moyo wangu ilitaka kulifunga. Hawa mashujaa wananichosha. Mauzo yakishuka tu wachapishaji wanamuua shujaa wetu Bi Kimondo, wanalitia toleo la kifo chake kwenye mfuko mweusi, wanatuuzia kwa bei ya kuruka, na mwaka haujaisha amerudi na mtindo mpya wa nywele. Tangu tumzike Mama mwezi wa Aprili, siwezi kuwavumilia wafu wanaorudi. Dada yako hakurudi. Toleo la Mei, alimofufuka, nililitupa ukutani.

Lakini bila wao nisingejua kusoma. Darasa la pili, herufi zikinichezea na wenzangu wakiniita mbumbumbu, wewe ulinikalisha jikoni kwenu, sahani ya pierogi, vile viandazi vya viazi, katikati, kidole chako kikifuata maneno ya katuni huku ukinguruma kila mlio wa ngumi na mabomu. Unaikumbuka insha yangu ya kwanza? Nilidhani watu wote huandika kama kwenye katuni: herufi kubwa tupu, na kila sentensi ina neno moja lililokolezwa wino. Mwalimu Pruitt akamwita Mama. "Mbona huyu binti yako ananipigia kelele?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Asante, Mjomba. Kicheko kile bado ninacho.

Basi sikulifunga. Kila Jumapili baada ya misa nitakupigia simu nikusomee, nikueleze na picha zote: nani anaruka, nani anatoka damu puani, joho limepasuka wapi. Usinune, Mkazamjomba. Unasoma vizuri, ila kunguruma huwezi.

Nisalimie binamu Teddy na wanawe, na jirani yenu Bi Ortega anayewaletea tamale zake za unga wa mahindi. Mungu awatunze nyote, na walau huo ukungu wa jicho la kushoto akuachie.

Karibu nisahau. Bi Kimondo kauawa tena wiki hii. Mfuko mweusi uko hapa mezani, sijaufungua. Jumapili pokea simu, Mjomba, TUMFUFUE pamoja.

Wako akupendaye KWA KELELE,
Lorna