Saba Niliyoiita Mbili

Owadwa Okoth, mdogo wangu,

Dada yetu Akinyi yuko hapa machimboni tangu Jumapili, anauza omena, dagaa wa ziwa letu. Amenieleza jambo ambalo limenilemea kuliko mawe ninayobeba. Kesho anarudi Mbita, kwa hiyo ninaandika leo, bila kuzunguka. Shule sikumaliza, kupamba maneno sijui.

Unakumbuka nilivyotoka kidato cha pili kule Homa Bay. Sikurudi na cheti, nilirudi na mchezo tuliofundishwa na mwalimu mgeni. Mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, mwenzake anaingia humo kama mtu fulani na kusema atafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Nilikufundisha ukiwa umelala na mguu wako usiopona. Ulimpa mtu wako miguu kabla ya jina. "Mirefu," ulisema, "avuke mto bila kuloa magoti." Ndipo ukamwita Jowi, nyati.

Nilipopata kazi ya kuchimba dhahabu huku Migori, hukuniuliza nitakutumia nini. Uliniuliza tutachezaje. Tulibishana siku mbili. Ramani haikutusumbua: tuliichora katika madaftari mawili ya hesabu, miraba ileile, ili ukiniandikia Jowi ameenda wapi, nami nisogeze kifuniko changu cha soda. Shida ilikuwa dadu. Nani ataamini dadu iliyorushwa mbali na macho yake? Nikasema tutumie namba ya gari la kwanza kupita asubuhi. Ukacheka: "Hapa kwetu nitangoja mpaka niote mvi, omera!" Wewe ukataka tufungue Biblia popote, tuchukue namba ya ukurasa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Jaribuni muone. Biblia yangu si ya kamari."

Redio ilikuwa wazo lako. Kila jioni baada ya habari hutangaza joto la miji. Tuchukue tarakimu ya mwisho ya Kisumu: sita mpaka tisa, umeweza, chini ya hapo, umeshindwa. Wewe utasikia, mimi nitasikia, hakuna wa kumdanganya mwenzake.

Na ulivyokuwa mjanja! Ilinichukua miezi kugundua kwamba mambo yote ya hatari uliyaweka siku za mvua, Kisumu ikipoa chini ya thelathini. Jua likiwaka, Jowi alipumzika. Nilicheka peke yangu shimoni mpaka mwenzangu akauliza kama hewa mbaya imenipanda kichwani.

Lakini kazi hii, Okoth. Ilifika mahali nikiona barua yako nachoka kabla ya kuifungua. Kurasa nne za maswali: mlinzi wa daraja anaitwa nani, ana watoto wangapi, anakula nini. Viganja vyangu vilikuwa vimepasuka, kushika kalamu ni kama kushika mwiba. Ningeandika tu, "Nimechoka, tupumzike," ungeelewa. Nilishindwa kusema maneno hayo mawili.

Kisha ukaniandikia kwamba betri zimekwisha, na kwamba Jumamosi Jowi atavuka daraja bovu. Akishindwa, ataanguka afe. Tulikuwa tumekubaliana hivyo. "Nisikilizie wewe, kaka."

Nilisikiliza kwa redio ya kambi. Kisumu, nyuzi ishirini na saba. Nikakuandikia thelathini na mbili. Nikasimulia Jowi alivyoanguka, nusu ukurasa, nikaipanga vizuri. Nilipoifunga bahasha nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Ulijibu mstari mmoja: "Sawa, kaka. Mbili ni mbili." Nikashukuru kwamba umeipokea vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Sasa Akinyi ananiambia kwamba Jumamosi ile hukuweza kungoja barua. Alikusukuma kwa wilbaro mpaka dukani kwa Bwana Salim, ukawaeleza waliokuwepo habari za daraja, na duka zima likanyamaza kusikiliza joto la Kisumu kama watu wanaongoja matokeo ya mpira. Iliposomwa ishirini na saba ulipiga kelele, na Bwana Salim akakufungulia soda.

Baada ya siku chache wakakuuliza, "Vipi, Jowi ameshafika ng'ambo?" Ukawaambia amekufa, kwamba siku ile mlisikia vibaya.

"Sote? Duka zima tuna masikio ya mbuzi?"

"Ni wewe, bwana. Kwanza mguu, sasa masikio!"

Ukavumilia. Ulikubali kuitwa kiziwi ili mimi nisiitwe mwongo. Na tangu hapo, anasema Akinyi, hutaki kutoka nje ya boma.

"Kwani huku mashimoni mnasikiliza redio gani?" aliniuliza. "Ya mashetani?" Niliinamia beseni lake la omena nisimwone usoni.

Nilitaka kukuandikia kwamba ninamfufua Jowi, nikaona hiyo ni dharau nyingine, kumzawadia mtu kitu chake mwenyewe. Jowi hakufa. Alivuka Jumamosi ile mbele ya mashahidi, na kule aliko sijui kuna nini. Ukitaka kusimulia wewe, mimi nitamfuata, na nikichoka nitakwambia nimechoka. Ukitaka kulifunga daftari, ni haki yako, na sitakuuliza sababu.

Ila jina lako siwezi kuliacha lilivyo. Kwa hiyo barua hii sikuitia katika bahasha. Nimemwambia Akinyi aanze nayo kwako, uijue kwanza wewe. Ukikubali, aipeleke dukani Jumamosi, isomwe kwa sauti watu wakiwa wamejaa. Kwaheri, owadwa. Yaliyobaki ni ya wale wengine.

Bwana Salim, tafadhali usiruke mahali. Na ninyi mlioegemea magunia hapo, masikio yenu ni mazima, na ya Okoth ni mazima. Ilikuwa saba. Aliyesema mbili ni mimi,

kaka yake mkubwa.