Jina Litakaloimbwa Mtaroni

Nyumbani kwa Mutie,
Kikima, Mbooni.
14 Oktoba 1984

Mpendwa kaka Kiema,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wifi yangu Wangui na watoto, na kwamba joto la Mombasa halijawamaliza. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi tuko hai, na mwaka huu hilo si jambo dogo. Mutie mume wangu anakohoa kidogo. Mama anakula mara moja kwa siku, halafu anatudanganya kwamba ameshiba.

Mvua ya Machi ilinyesha siku nne ikaenda zake. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Njaa hii watu wameshaipa jina, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika pesa, kwa sababu hata mwenye pesa hapati cha kununua. Ng'ombe amebaki mmoja, na maziwa tumeyasahau.

Sasa nikueleze habari ya maji. Chemchemi ya Baba imekauka. Hata mwaka wa sitini na moja, watu wa Mukuyuni walipopanda huku na punda kuomba maji, haikukauka. Binti yangu Kalunde anateremka mpaka mtoni kuchimba mchanga, na kurudi ni jua la utosi, debe likiwa nusu.

Kosa si la mbingu peke yake. Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba mchoma makaa amekata miti yote ya kilima chetu alichotuachia Baba, pamoja na mikuyu iliyofunika chemchemi. Ukungu uliokuwa ukilala pale kila asubuhi hauji tena. Mvua ikipatikana haizami ardhini, inashuka mbio na udongo wote. Imeshavunja mitaro ya fanya juu ya kuzuia udongo, ambayo sisi wanawake wa kikundi cha mwethya tuliichimba kwa pamoja miaka mitatu. Afisa wa kilimo anasema kila mahali wananyoa vilima hivihivi, halafu wanashangaa mvua imewakimbia.

Desturi ya mwethya unaijua. Anayeharibu kitu cha wote hatumpeleki kwa chifu, tunamwimba tukichimba. Na mimi ndiye mwimbishaji. Tulijiuliza ni nani aliyemfungulia mgeni kilima cha watu. Jirani yetu Muthama alikuwa ameonekana akimpa yule mchoma makaa maji ya kunywa, nami nikaona ushahidi umetosha. Nikamtia katika wimbo. Tumemwimba mwaka mzima, Jumanne na Alhamisi. Ameacha kuja kanisani, na mke wake amejitoa mwethya. Nilitunga maneno makali, Mungu anisamehe, na wanawake wakanishangilia.

Juma lililopita nilikwenda Mukuyuni kutafuta mahindi, nikamkuta yule mchoma makaa sokoni. Nilimtukana mbele ya watu. Hakukasirika hata kidogo. Alitia mkono kwa koti akasema, "Mama, mbona unanigombanisha na mimi niko na barua ya mwenyewe?"

Nilipoikunjua nilijua nitaona mwandiko wa Muthama. Kiema, nikaona K yako yenye mkia mrefu, ileile uliyonifundisha kuandika kwa kijiti mavumbini. Umemwambia akate yote, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu atakayerudi kuishi huku. Mimi si mtu? Mama si mtu?

Na mwezi uleule uliomwandikia yeye, uliniandikia mimi nisiruhusu yeyote avunje hata fimbo pale kilimani! Barua hiyo niliwasomea wanawake wa mwethya kwa sauti, wakakuombea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta kwa jirani. Angekuwa mgeni, ningelia siku moja nikanyamaza. Lakini wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Umenisaliti, kaka, na sijui nikuite nani sasa.

Jana nilikwenda kwa Muthama nikapiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba nilimwimba mbele ya watu, kwa hivyo nisije kumwomba msamaha jikoni. Ana haki. Jina lililotiwa katika wimbo hutolewa kwa wimbo, palepale mtaroni.

Nitalitoa Jumanne, tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyo tutarudia mtaro wa juu uliobomoka. Nimekuandikia mapema makusudi, ili upate ruhusa kazini uje. Simama mbele ya wanawake useme ulilolifanya, kwa maana mtu akijisema mwenyewe haimbwi. Usipokuja, nitaimba nilichokisoma. Muthama hatabeba mzigo wako hata Jumanne moja zaidi.

Nisalimie sana Wangui, mwambie sina neno naye. Wabusu watoto. Mutie na Kalunde wanawasalimu. Mungu awalinde nyote, akupe na wewe moyo wa kupanda basi.

Mama pia anakusalimu. Sijamwambia lolote. Jembe halimudu tena, lakini kila siku ya mwethya huja kukaa ukingoni mwa mtaro atuitikie. Ninapolitaja jina, wote hulirudia, na sauti yake huwa ya kwanza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kuumia kwa sababu hiyo,

Mutindi