Mama aliyekaa mlangoni pa biro iliyofungwa

Alhamisi, kabla ya giza.

Mvua imeanza saa saba na nusu mchana, ile ndogo isiyo na haraka, na milima iliyo nyuma ya nyumba yetu imepotea kabisa kwenye ukungu. Nimekaa barazani, daftari liko magotini. Mtandao umekatwa wiki ya tatu sasa, kwa hiyo naandika kwa kalamu. Siku utakaporudi nitachapa hapa kwenye blogu kila kitu kama kilivyo, hata makosa.

Kwa asiyenijua: jina langu Riziki, nasoma habari za Kiswahili kwenye radio ndogo hapa Uvira. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, halafu saa saba mchana. Watu wanaijua sauti yangu kuliko uso. Sokoni nikiuliza bei ya nyanya, wamama wanageuka na kunitazama kana kwamba radio imeota miguu.

Leo nimelia nikiwa hewani.

Miaka tisa ya kazi hii, haikuwahi kunitokea. Nimesoma habari za mafuriko ya mto Mulongwe, nimesoma habari za vita, nimesoma hata tangazo la kifo cha mjomba wangu mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Nataka nieleze ilivyokuwa, nikianzia pale ninapopaonea haya.

Vita vilipokaribia tambarare ya Ruzizi, wakubwa wa ofisi waliondoka. Wengine kwa boti, wengine kwa gari usiku mmoja kabla mpaka wa Kavimvira haujafungwa. Asubuhi yake biro zote za Leta, yaani ofisi za serikali, zilikuwa na kufuli. Komini inayoandikisha ndoa na vifo, mahakama, posta, na ile ofisi ya karibu na mpaka inayotoa karatasi ya kuvukia kwenda Bujumbura. Nami nikaandika sentensi moja: "Shughuli zote za serikali mjini Uvira zimesimama." Nikaisoma asubuhi. Nikaisoma mchana. Kesho yake nikaisoma tena. Nimeisoma siku kumi na moja, na naungama kwamba sikuwahi kutoka nje kuangalia nini hasa kimesimama.

Radio kubwa za mbali tunazozinasa zilikuwa na yao. Moja ilisema Uvira ni mji mtupu, na nilipokuwa naisikia nilikuwa kwenye foleni ya maji, mbele yangu wamama kama arobaini na madumu yao. Msemaji mmoja wa huko mji mkuu alisema huduma zinaendelea kama kawaida. Hiyo nayo tuliisoma, kwa sababu ilikuja kwa jina la mkubwa.

Wiki iliyopita, siku ya Ijumaa, nilichukua kinasa sauti nikaenda kwenye ile ofisi ya karatasi za mpaka. Nilitaka sauti za nje tu: pikipiki zikipita, upepo, kufuli likigongagonga mlango. Vitu vya kupamba habari.

Nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye kiti kidogo cha mbao mbele ya mlango uliofungwa. Peke yake. Kitenge safi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, na pochi ndogo ya plastiki kifuani ambayo aliishika kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na picha mbili za pasipoti na kadi yake ya kura.

Nikamsalimu, nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja wafungue."

"Mama, hawako. Waliondoka."

"Najua. Lakini wakirudi, watakuta minye niko wa kwanza."

Ni Mama Zawadi, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kalundu. Zawadi ni binti yake wa pekee, ameolewa na fundi seremala wa Buyenzi, Bujumbura. Mwaka juzi Zawadi alizaa, na mtoto akafariki siku ya pili. Sasa ana mimba nyingine, na mwezi wa kuzaa ni huu. Mama alikuwa amemuahidi kwamba safari hii atakuwa hapo hapo kitandani. Halafu mpaka ukafungwa, biro ikafungwa, simu zikanyamaza. Hajui kama binti amejifungua. Hajui kama yuko hai.

Asubuhi ikiwa safi, majengo ya Bujumbura yanaonekana kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Alininyooshea kidole. "Iko pale. Ona. Minye naona mpaka mabati."

Nikarekodi dakika tatu, na mwishoni akamsemesha binti yake mwenyewe. Hakulia, hakulalamika juu ya mtu. Aliniuliza tu kitu kimoja nilipokuwa nakunja waya. "Weye sauti yako inafika ng'ambo, si ndiyo? Bujumbura wanakusikia?"

Nikasema ndiyo, inafika vizuri.

"Basi mutoto atanisikia."

Nikamwambia asikilize kesho saa saba.

Papa Bahati, mkuu wetu wa habari, alisikiliza rekodi mpaka mwisho, kidevu kimelala mkononi. Kisha akaivua ile mashine ya kusikilizia masikioni polepole. Ni mtu mwema, niseme mapema. Ndiye aliyenifundisha kupumua kabla ya koma.

"Hapana, Riziki."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kama ni habari, inataka sauti ya mwenye madaraka, na mwenye madaraka hayuko. Kama ni komunike, tangazo la familia, inataka muhuri wa komini.

"Komini imefungwa, Papa."

"Najua imefungwa. Si weye unaisoma kila siku?"

Halafu akateremsha sauti na kusema la kweli. "Mukubwa akisema jina yake kwa radio, iko na walinzi. Huyu mama iko na nani? Siku hizi jina ni kitu ya kuficha."

Sikubishana hata kidogo. Jumamosi saa saba nikasoma habari kama zilivyopangwa, na mahali pa dakika tatu za Mama Zawadi pakawa na msemaji wa mji mkuu, yuleyule wa "huduma zinaendelea kama kawaida".

Jumapili baada ya misa nikaenda Kalundu kumuomba radhi. Njiani nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ningependa anitukane.

Majirani ndio walionieleza. Jumamosi walikusanyika kwake tangu saa sita, wamama saba na wazee wawili. Alinunua betri mpya. Alikatisha biashara ya siku nzima. Walisikiliza mpaka wimbo wa mwisho, halafu wakasema labda ni habari za jioni, wakasikiliza na za jioni.

Yeye alinikaribisha, akafuta kiti kwa upande wa kitenge chake, akaniletea chai.

"Haiko mubaya, mutoto yangu," akasema. "Pengine sauti yangu haikutoka muzuri. Sijazoea ile chuma."

Nikakiweka kikombe chini.

Nikamwambia ukweli wote, pamoja na hofu ya Papa Bahati juu ya jina lake. Nilitaka aijue hiyo hatari, achague mwenyewe, nisije nikamchagulia mimi kwa kutaka kuonekana mwema. Alitazama masufuria yake ya ndagala.

"Minye nauzisha samaki. Wanaonitafuta wote wananidai ndagala." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sema jina. Usiposema jina, atajuaje ni mama yake?"

Jumatatu nikafika radio kabla ya mlinzi. Nilimngojea Papa Bahati kwenye ngazi, na alipokuja nikamwambia kila kitu: betri, majirani, na lile neno la sauti kutotoka vizuri. Kwenye hilo la sauti alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Akafungua mlango. Hakuniangalia. "Dakika mbili. Saa saba. Na utaanza naye, mbele ya wale wengine."

Hivyo Jumatatu saa saba habari za Uvira zilianza na Mama Zawadi wa Kalundu. Sikubadilisha kitu. Niliondoa tu ile sentensi yangu ya siku kumi na moja, nikasema kwamba ofisi inayotoa karatasi za kuvuka imefungwa, na mbele ya mlango wake kuna mama anayetaka kuwa karibu na binti yake wakati wa kuzaa. Kisha sauti yake: "Zawadi, ni mama. Niko muzima. Niko kwa mulango wa biro. Wakifungua tu, nakuja."

Jumanne hakuna kitu. Jumatano hakuna kitu. Mpaka umefungwa, simu kimya, jibu lingepita wapi? Nilianza kufikiri kwamba nimemfanya ajitangaze bure.

Leo asubuhi, nimemaliza tu habari za saa kumi na mbili na nusu, mlinzi akaniita. Nje alikuwa Papa Yoane, mwenye mtumbwi wa kuvulia ndagala, suruali imelowa mpaka mapajani. Wavuvi wa huku na wa ng'ambo bado wanakutana ziwani, mpaka hawajauona huko katikati. Mkononi alikuwa na kijifuko cha plastiki kilichofungwa mafundo matatu.

"Ilitoka Bujumbura. Wamesema nimupe yule mwanamuke wa radio."

Ndani, karatasi ya daftari. Juu yake: Kwa Mama yangu, mulangoni pa biro.

Sikuifungua. Nilipanda pikipiki ya kwanza iliyopita. Alikuwa palepale kwenye kiti chake, pochi kifuani. Aliponiona nashuka na karatasi mkononi alisimama, kisha akakaa tena.

"Soma weye," akasema. "Minye macho haioni."

Hajui kusoma, nadhani. Nikachuchumaa mbele yake nikasoma. Nanakili hapa kwa ruhusa yake.

"Mama, nilikusikia. Nilikuwa kwa kitanda ya hospitali, uchungu ilianza tangu asubuhi, na mama mugonjwa wa kitanda ya karibu iko na radio. Nilisikia mutu anaita Zawadi, nikasema ni weye. Nililia mpaka muganga alifikiri kuna kitu mubaya. Mutoto alizaliwa ile ile jioni. Ni mwanamuke. Iko muzima, ananyonya, leo ni siku ya pili na iko muzima. Baba yake anataka kumupa jina, nilikataa. Nilisema jina itatoka kwa mama. Tuko tunangoja kwa radio."

Nilirudia mara tatu ile sehemu ya siku ya pili, kwa sababu alinishika mkono kila nilipotaka kuendelea.

Nilirudi naye radio, na Papa Bahati hakuuliza habari ya muhuri. Aliposikia, alivuta kiti cha wageni mwenyewe akakiweka mbele ya kipaza sauti. "Leo hatusome barua," akasema. "Aseme yeye mwenyewe. Dakika mbili."

Saa saba kamili taa nyekundu ikawaka. Nikasema mama amepata jibu, na yuko hapa. Mama Zawadi akakisogelea kipaza sauti kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba.

"Zawadi. Mufunike mutoto kichwa. Upepo ya jioni isimupige. Weye unywe uji ya moto, usikatae, najua unakataa uji. Maji ya kumuosha, uyajaribu kwanza kwa kiwiko. Kitovu usikiguse guse. Kama analia sana, mulaze kwa tumbo yako, hivi," na akaonyesha kwa mikono, hewani, mtoto asiyekuwepo akamlaza juu ya tumbo lake, akampigapiga mgongo. "Hivi. Weye nilikuwa nakulaza hivi."

Papa Bahati nyuma ya kioo alikuwa ananyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Dakika mbili zimepita. Dakika tatu. Kisha akashusha mkono, akaacha.

Mama akaendelea. Mafuta gani ya kupaka. Asilale upande wa mlango. Mumewe asaidie kuchota maji, na kama hataki asikie kutoka kwa mkwe wake. Vitu vyote ambavyo angevifanya kwa mikono yake mwenyewe, alivisema.

Nikamnong'oneza, "Mama, jina."

"Eh?"

"Jina ya mutoto."

"Ah!" Akacheka, mkono mdomoni. Akavuta pumzi. "Anaitwa Faida."

Zamu yangu ilikuwa imefika. Karatasi iliyofuata mbele yangu ilikuwa ya msemaji. Nikafungua mdomo, nikalia. Mji mzima ulinisikia, na Bujumbura pia, nafikiri. Papa Bahati aliingia akinyata, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma yeye kwa sauti yake nzito ya zamani, mpaka mwisho.

Nilipomsindikiza Mama Zawadi nje nilidhani atakwenda nyumbani kusherehekea na majirani. Hapana. Akafunga kitenge vizuri, akauliza ni saa ngapi, akasema anarudi biro, bado kuna jioni, pengine watafungua.

"Jina nimemupa," akasema. "Kumushika bado."

Akaenda zake kwenye mvua.

Kwenye lango kulikuwa na watu sita waliokuja wakati tukiwa hewani. Mwanaume mmoja anahitaji karatasi ya kifo ya baba yake, na aliyekuwa anaiandika ameondoka na rejista. Msichana mmoja alikuwa afunge ndoa komini Jumamosi hii. Wengine hawakutaka kuniambia pale mbele ya watu, nami sikuwabana. Niliandika majina ya wanne waliokubali yasikike. Wawili walikataa, nikawaandikia habari bila jina.

Na mimi, siku kumi na moja, nilikuwa nawaita hawa wote "shughuli".

Giza linaingia, siuoni mstari vizuri. Kesho Papa Bahati atanipa dakika ngapi? Sijui.

Nitaomba tano.