Mitandio ya Kuwekea Nafasi

Baba watoto, chai iko kwenye chupa, chakula kipasheni moto. Mlango wa nyuma funga kwa komeo.

Leo alfajiri niliwahi kanisani kwenu kama kila Krismasi, nikawawekea benchi zima kwa mitandio yangu. Mlipofika tukazidi mmoja. Dada yako akasema, "Wifi, wewe si wa kuhamia tu? Wapishe wenye kanisa." Nikakutazama. Ukakaa, ukafungua kitabu cha nyimbo. Nimesali nimesimama nje, chini ya turubai. Miaka kumi na tisa tangu niache kanisa la mama yangu kwa ajili yako!

Nimekwenda kwa mama, kanisani kwao wana ibada ya jioni. ~~Nitarudi saa mbili.~~ Msinisubiri.

Mitandio mliyoikalia ifueni. Pasaka mtajiwekea nafasi wenyewe.

Mama watoto, mgeni wenu