Kadi Nane za Mwanzia

Gatwekera, Kibera
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Nairobi. Mguu unaendeleaje? Annet aliniambia kwamba siku hizi unatembea hadi sokoni bila mkongojo, nikafurahi sana. Na mahindi, mmeshapanda ama bado mnangoja mvua ikolee? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu sitaki kuanza barua hii kwa kukudanganya.

Najua umenipigia simu tangu Jumapili na hukunipata. Nimeizima mwenyewe. Kuna mtu ambaye sitaki kuisikia sauti yake, na pia nilijua nikiisikia yako nitalia tu, nishindwe kusema. Ndiyo maana nimeandika. Wepukhulu anasafiri kesho kuja Chwele, na nimemwomba akupe barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Kila mara umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikakujibu tu kwamba ni mambo ya kompyuta. Leo nitaeleza, maana bila hivyo hutaelewa yaliyotokea. Duka la Waithira ninapofanya kazi, kule Kawangware, linauza kompyuta zilizotumika na vipuri vyake, na wateja wetu wengi ni vijana wa gemu. Gemu za siku hizi zina picha nzito, kwa hivyo kompyuta huwekewa kadi ya grafiki, kipande kirefu chenye feni mbili, ambacho kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Kadi ikiwa dhaifu, gari la kwenye gemu linakwamakwama. Ikiwa na nguvu, linateleza. Sasa kadi ziko za kila aina, na mtu anaweza kumaliza akiba ya mwaka kwa kitu ambacho cha nusu bei kingemtosha.

Kazi yangu ilikuwa kuzilinganisha. Kila kadi niliiweka kwenye kompyuta ileile, nikaichezesha gemu ileile kwa nusu saa, kisha nikaandika kwenye ubao mweupe ukutani: inatoa picha ngapi kwa sekunde, inapata joto kiasi gani, inakula stima kiasi gani, na kwa bei yake, kila picha moja inamgharimu mnunuzi shilingi ngapi. Vijana walikuwa wakitoka mbali kuja kuupiga picha ubao huo. Kama Lenah ameandika, walisema, hakuna haja ya kuuliza mwingine. Nilijivuna, Mama.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaja mtu anaitwa Mwanzia, muuzaji wa vipuri, akileta kadi nane. Vibandiko vyake vilionyesha ni za toleo jipya, ilhali bei ilikuwa karibu nusu ya bei tuliyoizoea. Zikaingia kwenye ubao wangu, na kwa hesabu niliyoandika, hakuna kadi nyingine dukani iliyokuwa na faida kuliko hizo. Katika wiki mbili zikaisha zote.

Moja ilinunuliwa na Daisy Amolo, jirani yangu hapa Gatwekera, safu ya tatu kutoka kwangu. Amolo huhariri video za harusi, na jioni hushindana kwenye gemu za mtandaoni. Anajulikana, ameshawahi kushinda mara mbili. Anaishi na binti yake Christine, mwenye miaka minne. Siku hiyo alisimama mbele ya ubao muda mrefu, akipima kati ya kadi ya Mwanzia na nyingine ya zamani, ambayo ilikuwa ya polepole lakini haipati joto. Mwishowe akanigeukia.

"Lenah, hii kadi wewe unaweza weka kwa nyumba yako?"

"Naweza," nikamjibu.

Akainunua.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, nilikuwa nafua nguo mlangoni. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla ya kusikia mayowe. Unajua nyumba zetu, Mama, udongo na mabati, moja imeegemea nyingine. Amolo alikuwa ametoka kuteka maji, akaacha kompyuta ikimalizia video ya harusi na mtoto amelala kitandani. Watu walikimbia na mitungi ya maji na ndoo za mchanga, mmoja akakata waya wa stima. Jirani anaitwa Nicanor alibomoa ukuta wa nyuma akamtoa mtoto. Amolo hakujua kwamba ameshatolewa. Alirudi akapita mlangoni, ndani ya moto, akimtafuta kwa mikono. Nyumba mbili ziliteketea. Hakuna aliyekufa, lakini mikono ya Amolo imeungua yote miwili, na Christine bado anakohoa.

Kabla hata moshi haujaisha, watu walikuwa wameamua kosa ni la Billy, fundi aliyeunganisha stima ya safu ile. Walisema alifunga waya vibaya. Walimtolea vifaa vyake nje wakavivunja, na wakaanza kuokota mawe. Billy alikimbia hadi Makina, ambako mwenye duka mmoja alimficha stoo nyuma ya magunia ya unga. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mikono ina povu la sabuni. Sikusema neno. Sikusema siku hiyo, wala Jumapili, wala Jumatatu.

Tangu hapo harufu ya plastiki haijaniondoka puani. Naisikia kwenye chai, naisikia kwenye blanketi. Nikipita njiani na watu wakimtaja Billy, nageuza njia, kwa sababu niliwaona walivyokuwa na yale mawe. Na Mwanzia akaanza kunipigia simu. Hapazi sauti. Mara ya mwisho alisema hivi: "Lenah, hata nyumba yako ni ya mabati." Ndipo nikaizima.

Mama, nilijua.

Siku nilipoijaribu kadi ya kwanza ya Mwanzia, dakika kumi zilienda vizuri sana. Dakika ya kumi na mbili joto likapita digrii mia, waya wa kuiletea stima ukalainika kama mshumaa, na harufu ikatoka. Nikazima. Nikakwangua kibandiko kwa ukucha nikakuta kingine chini yake. Ilikuwa kadi kuukuu iliyobadilishwa ndani ili ijitaje kwa jina la mpya. Nilimwambia Mwanzia. Akacheka, akasema vijana hawachezi muda mrefu, kisha akaniambia anafungua duka kubwa mjini na anatafuta mkuu wa upimaji. Nikarudi kwenye ubao nikaandika matokeo ya zile dakika kumi pekee. Ile kazi mpya niliyokupigia simu kukueleza, ukasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili yake, ndiyo hiyo. Na Amolo aliponiuliza, nilijua.

Jana nilimwambia Waithira. Aliketi juu ya boksi. Kisha akachukua kitabu cha wateja, tukaanza kuzisaka zile kadi, yeye akipiga simu, mimi nikibisha milango. Tumepata sita, na amezipeleka kituo cha polisi. Iliyobaki ni ya kijana anaitwa Marvin, wa mtaa wa Nyayo Highrise. Simu yake haipatikani, na bawabu anasema amesafiri. Sijui kama aliacha kompyuta ikiwaka. Leo pekee nimeenda kuutazama mlango wake mara tatu.

Leo asubuhi nilienda hospitali. Nilimweleza Amolo kila kitu, bila kuficha. Aligeuza uso ukutani, mikono yake iliyofungwa bendeji ikiwa juu ya mto. Halafu akauliza, "Billy anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi enda umwambie yeye kwanza. Mimi usinirudie."

Nilienda Makina, nikamkuta bado kwenye ile stoo. Nilipomaliza, Billy hakunitukana. Aliniuliza tu kama naweza kuyasema hayo mbele ya watu. Kesho saa nne wakazi wa safu zetu wana mkutano kwa chifu, na nimemwambia nitasema. Waithira atakuwepo. Utakapoisoma barua hii, nitakuwa nimeshasema.

Naogopa, Mama. Naogopa yale mawe, namwogopa Mwanzia, nauogopa ule mlango wa Nyayo. Nilimwambia Billy asije, asubiri mpaka nimalize. Alikataa. Anataka kusimama kando yangu wakimtazama usoni, ingawa anaogopa kuliko mimi, na hakumkosea mtu.

Nisalimie Annet na watoto, na wote wanaoniulizia. Mkutano ukiisha nitaiwasha simu. Ukiwa na neno lolote la kuniambia, hata kama ni la hasira, nitalipokea.

Ni mimi binti yako,
Lenah Wangila