Nusu Yako ya Kidonge

Mama yangu,

Jana nilipanda lori kupeleka fromaji, ile jibini yangu, Masisi, na kona zikanifanya kama kawaida: mwanao, mwenye mvi na ng'ombe zake, ametapika mbele ya abiria wote. Ungecheka, ingawa wewe mwenyewe zile kona zilikushinda kuliko mimi. Kila tulipotoka Nyamitaba ulikuwa unakata kidonge cha safari kwa meno.

"Meza nusu yako, mukubwa. Leo usinichafulie kitenge."

Kinatulevya usingizi, tunalala bega kwa bega, tunafika wazima.

Njo maana ulipougua figo, ukawa unatapika hata maji, hukutaka dawa nyingine. "Leta ile ya njia." Nikaleta. Ikarudi.

Muuguzi alinieleza polepole, kama mtu anayejua anaongea na mchunga ng'ombe. "Papa, ile inatuliza habari zinazotoka ndani ya sikio, pale mwili unasikilia mutikisiko. Mama hatikiswi na gari. Figo zimechoka, uchafu unabaki mu damu, unafika kwa kichwa, kichwa njo kinaamuru kutapika."

Akakuchoma sindano ya dawa inayoziba amri hiyo kwenye ubongo, tena inasukuma chakula kishuke toka tumboni. Ulipumzika kidogo, ukaanza tena. Akaleta nyingine, inayozuia ujumbe wa utumbo usifike kichwani. Asubuhi moja ukanywa maziwa, yakakaa. Nikatangazia jirani wote kama mpumbavu. Mchana yakarudi.

"Hakuna ingine?"

"Hizi zinazuia kutapika, Papa. Haziponyeshi figo."

Ng'ombe wakitoroka, mimi najua kuziba pengo la uzio. Kwako kila nilipoziba, palifunguka kwingine. Nikabaki nimeshika beseni.

Siku ile ya mwisho ukaomba tena kidonge chako. Ukakikata kwa meno, ukanipa.

"Meza nusu yako, mukubwa."

"Mama, hatuendi popote."

"Meza tu."

Nikameza. Yako ilirudi kabla sijasogeza beseni. Yangu ikakaa, ikanilaza pale pale kwenye kiti, kichwa kikiegemea bega lako. Nilipoamka, ulikuwa umefika bila mimi.

Jana kabla ya lori nilikata kidonge. Nikabaki na nusu mbili mkononi, nikashindwa kumeza hata moja.

Pumzika, Mama. Huko natumaini njia haina kona.

Mukubwa wako