Modem Isiyo na Swichi

Mwalimu wangu,

Amani iwe juu yako huko uliko. Ni mimi Time, mwanafunzi wako mkaidi, nakuandikia kutoka dukani kwetu Chake, hapa Pemba. Kwanza habari njema: walikuzika watu wa vyama vyote viwili vya siasa, na unajua siku hizi watu wanavyogomeana maziko. Wote uliwatengenezea kompyuta, wote wakapokezana jeneza lako. Nilitamani uone.

Sasa nikiri kosa. Mwezi wa tano tangu ututoke, radi iliunguza modem yako ya nje, ile yenye vitaa vyekundu, iliyokuwa ikitupatia intaneti kwa waya wa simu. Wateja wakanijia juu, wanataka barua pepe za watoto wao walioko Maskati. Nikafungua mtoto wa meza, nikaitoa ile modem ya kadi, ya kutia ndani ya kompyuta. Katika daftari lako umeiandikia kwa wino mwekundu: "Usiitie. Haina akili yake, huazima." Si ulinifundisha? Kompyuta yetu ni ya Linux, si ule mfumo wa watu wote, basi tuchague modem ya kukaa nje, yenye umeme wake na swichi yake. "Kitu usichoweza kukizima, yakhe, usikitie ndani."

Mimi nikaitia. Kichwa changu unakijua.

Linux haikuiona kabisa. Nilihangaika nayo kutwa, kimya. Nikaiacha humo humo, nikaagiza nyingine Unguja. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, nimekaa zangu, nikasikia kadi inapiga namba. Yenyewe! Nikapekua kompyuta nzima kutafuta amri iliyoiambia ipige. Wallahi hamna. Kesho yake saa kumi, tena. Na kesho yake.

Ijumaa nikaenda kumtazama mkeo, Bi Zuhura. Eda imekwisha, binti yenu kaja kumchukua akakae naye Wete, naye hataki hata kusikia. Mbele yake chai, vikombe viwili. "Mwalimu ananipigia kila alasiri kama zamani," akaniambia. "Hasemi, anapumua tu. Nikenda Wete, atapokelewa na nani?"

Nikakumbuka. Kila saa kumi ulikuwa ukimpigia kutoka hapa dukani: "Teleka chai, natoka."

Jumamosi nikakaa ubavuni mwa kompyuta kwa makusudi. Ilipofika saa kumi kadi ikapiga, na kwenye kispika chake kidogo nikamsikia Bi Zuhura: "Naam, bwana." Kisha ukakohoa. Kile kikohozi chako kikavu, mara mbili, kabla hujasema neno. Dukani nilikuwa peke yangu.

Nikachomoa waya, nikafungua kompyuta, nikaing'oa kadi. Nisamehe, Mwalimu, nilikukatisha hujasema. Lakini mkeo alikuwa hali, halali, hatoki mlangoni, anangoja simu tu. Angetufia pale.

Modem mpya imeshafika kwa boti. Ni ya nje, ina swichi, nimeichagua kwa kufuata daftari lako, na Linux imeiona papo hapo. Jumapili Bi Zuhura alingoja, chai ikapoa, simu haikulia. Alilia kwa kwikwi kama siku tuliyokuzika, nami nimemshika bega, sikuthubutu kumwambia nilichofanya. Leo asubuhi kaondoka na bintiye kwenda Wete. Kabeba kikombe chako.

Basi pumzika sasa. Ukiwa na neno njoo ndotoni kama wenzio, habari ya simu tuiache. Nami kila alasiri nikizima swichi nitakusomea Fatiha. Kadi sikuitupa, nisikufiche. Imo kwenye mtoto wa meza, nimeifunga kitambaa. Nakuahidi sitaitia tena, hata siku nikikukumbuka sana.

Leo nimekukumbuka sana.

Mwanafunzi wako,
Time